Nilivyoingia Chumbani kwa Mama Mkwe kwa Kupitia Paani

Haya nayasema mwenyewe kwa sababu waliokuwepo wameshayasimulia mno na kuyaongezea chumvi, na afadhali aibu yangu niitoe kwa mdomo wangu. Nilikuwa karani mjini Dodoma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na mimi nikapenda viwili kwa mpigo: paneli ya sola, na Debora, binti wa kijiji cha Hombolo. Paneli niliinunua. Debora alikuwa na baba.

"Ng'ombe huna," Mzee Ndahani aliniambia, tena kwa upole kabisa, "na kwetu mtu asiye na ng'ombe tunamsikiliza kidogo tu. Lakini binti anasema unaweza kulishika jua. Njoo ulishike hapa, mama yake aone, kisha tutazungumza."

Jumamosi nikafika na paneli yangu, betri ya gari, waya, taa moja na karatasi ya maelekezo (niliyokuwa nimeisoma nusu, ile nusu yenye picha). Nyumba yenyewe ni tembe, paa bapa la miti na udongo, na mimi mtoto wa nyumba za bati nikaliona kama sakafu tu. Mzee akanionya, "Mwanangu, huko juu fuata boriti. Kwingine mchwa wamekula." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mambo haya nimeyasomea. (Nilisomea uhazili.)

Mzee aliamua taa ifungwe chumbani kwa mama, na kwa kuwa mkwe hakanyagi chumba kile wala haonani uso kwa uso na mama mkwe, Debora ndiye aliyeitundika, kisha akakaa sebuleni kwenye swichi. Mama mwenyewe, nikaambiwa, amejitenga kwa jirani. Nikashinda paani nikichomwa na jua, betri ikishiba, majirani wakiongezeka uani mmoja mmoja, na jioni nikamwambia Debora kwamba nitapiga mguu paani mara moja, akisikia awashe. Ningeweza kumwita tu. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi nilitaka lionekane jambo la kitaalamu.

Jua likazama, giza likaingia, nikaunyanyua mguu nikaushusha kwa nguvu zangu zote, na paa likanipokea likanipitisha, mimi na udongo na mchwa wao, mpaka chini juu ya lundo la mtama, nikakaa pale na vumbi mdomoni, na Debora, aliyekuwa amesikia kishindo kama tulivyokubaliana, akawasha.

Jamani, taa iliwaka. Na hatua mbili mbele yangu, kitandani, ameketi mama mkwe. Hakuwa amekwenda kwa jirani hata kidogo, alijificha mle ili aione taa kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikafunika uso kwa mikono. Mlango ukajaa watu. Nikajua Debora ndio basi tena.

Nikachungulia kati ya vidole. Mama hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa amesimama, akipapasa ukuta wa mbali taratibu, akitazama vibuyu vyake, akitazama boriti zilizoiva kwa moshi.

"Kumbe chumba changu ni kikubwa hivi," alisema.

Alizaa watoto sita mle ndani, na hakuwahi kukiona chote kwa pamoja. Nami niliyeibeba taa ile kutoka dukani nikaitazama kama ndiyo kwanza naiona, kwa maana jua lilelile lililonichoma mgongo mchana ndilo lililokuwa linammulika mama yule, na lenyewe lilikwisha kwenda zake. Nilisahau hata kwamba goti linavuja damu.

"Mbuzi mmoja wa kumwomba mama radhi," Mzee Ndahani akaamua pale mlangoni, "na paa utaliziba kwa mikono yako. Mambo ya harusi tutayazungumza ukishaoga."

Tulioana. Juu ya tembe sijapanda tena, na mwenye nyumba akinionya siku hizi namsikiliza mpaka amalize. Mama mkwe na mimi hatuonani uso kwa uso hadi leo, ila kila tukienda kumsalimu humtuma Debora aje na maneno yaleyale:

"Mwambie mwenzako, mlango upo."