Vyuo Viwili na Jina Lisilokuwemo Daftarini

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kilosa mjini, nilikabidhiwa buti za mpira, koni ya bati na fimbo ya chuma. Nilikuwa na shahada ya jiografia na sikujua vifaa hivyo vilikuwa vya nini. Kampuni ilikuwa ndogo, ya ukandarasi, ikijenga makalavati na madaraja mafupi. Meneja wa Mradi, ambaye sote tulimwita Injinia, alinielekeza mwenyewe. Zege bichi hujazwa ndani ya koni na kushindiliwa kwa fimbo. Kisha koni hunyanyuliwa taratibu, nawe unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka sana, maji yamezidi.

"Likimwagika kama uji, likatae," aliniambia. "Usimwonee haya mtu, hata mimi."

Nilipima zege na udongo Kilosa, nikahamishiwa Dumila, kisha Mikumi. Huko Mikumi niliona kalavati ambalo mabomba yake yalikuwa membamba mno kwa maji ya korongo lile. Nikamwambia Mshauri Elekezi, yaani mtaalamu anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi. Alinitazama kuanzia kwenye buti.

"Mama, wewe ni mhandisi?"

"Hapana."

"Basi pima zege."

Masika ile maji yalipita juu ya kalavati yakaikata barabara. Basi la abiria lilisimama hatua chache kabla ya shimo. Nilipofika, dereva alikuwa amekaa chini kwenye tope, anafungua mdomo na sauti haitoki. Siku hiyo niliamua kuanza shahada ya kwanza upya, safari hii ya uhandisi. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na watoto watatu.

Vyuo viwili vilinikubali. Kimoja kilikuwa mbali, miaka minne, tangu mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita. Jiografia yangu haikuhesabiwa kitu. Kingine kilikuwa karibu, masomo mwisho wa wiki, na waliniingiza moja kwa moja mwaka wa tatu. Mume wangu alisema hapo hakuna cha kufikiri. Nami niliona hivyo. Nikabeba barua zote mbili hadi Mabwerebwere, nyumbani kwa Injinia, nikitafuta baraka tu.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, mama. Karibu."

Aliisoma barua ya chuo cha karibu, akaikunja, akaifunika kwa kiganja.

"Hapa usiende."

"Kwa nini?"

"Nilisoma hapa. Shahada yao ya uhandisi haitambuliwi. Jina langu halimo kwenye daftari la wahandisi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu ndiye aliyenifundisha kila nilichokijua.

"Na ile michoro yote?"

"Nachora mimi. Anakagua na kusaini mwingine, Morogoro."

"Lakini tunakuita Injinia!"

"Mnaniita nyinyi. Mimi sijawahi kuliandika popote."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Kwa uso wake nilijua kuwa naye ndiyo kwanza anasikia.

Hata hivyo, miaka minne ilinitisha, nikataka kujionea. Jumatatu nilikwenda chuo kile nikaomba kuingia maabara. Ofisa Udahili alitafuta ufunguo muda mrefu. Mashine ya kuvunjia zege, ile inayobana kipande cha zege mpaka kipasuke ili nguvu yake ijulikane, ilikuwa bado imeviringishwa nailoni ya dukani. Juu yake yalirundikwa majoho ya mahafali.

"Wanafunzi wanavunjia wapi zege?"

"Wanaangalia picha, mama. Nadharia ni ileile."

Nilitoka. Mwaka wa tatu wa nini, sasa?

Nilikwenda mbali. Mama mkwe alinilelea watoto. Mwaka wa kwanza nilifeli hisabati, nikarudia mtihani, nikapita. Nikahitimu, nikafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha nami nikasajiliwa na kurudi Kilosa, kampuni ileile.

Mchoro wa kwanza kunifikia mezani ulikuwa wa daraja dogo la njia ya Berega. Aliuleta Meneja wa Mradi mwenyewe, yuleyule tuliyemwita Injinia, akakataa kukaa. Nilikokotoa kila kitu upya, siku mbili. Ulikuwa sahihi. Nikasaini, na pale palipoandikwa "amechora" nikaweka jina lake lote.

"Hapa huwa panaachwa wazi," alisema.

"Nimejaza."

Aliondoka bila kuaga. Baadaye nilimwona nyuma ya ofisi, ananawa uso bombani.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea simu zao, wananionyesha vyuo vyenye mageti mazuri. Huwauliza kama shahada inatambuliwa, na kama wameingia maabara. Wengi hawajafanya hata moja kati ya hayo, na sijazoea. Mwezi uliopita alikuja binti wa wafugaji kutoka Berega. Kabla sijamaliza swali alisema ameshaingia, na walimkataza kugusa mashine, kwa hiyo amewarudishia fomu yao.

Nikamuuliza sasa atasoma wapi.

"Sijui bado, bibi," alisema. "Kesho napanda basi kwenda kukiona kingine."