Mvua ya Mama Njuki

Mukami, au Mama Njuki kwa jina la mtoto wake, ni mke wa kaka yangu Vincent, na mimi ndiye wifi yake, Jedidah, niliyerudi kwa baba baada ya ndoa kunishinda. Nasema mapema usije ukadhani namsifu kwa kuwa ni wa nyumbani. Tumegombana sana mimi na yeye. Ana maneno machache na kichwa kigumu. Mimi maneno ninayo ya kugawa. Lakini kwa lile walilomfanyia mwaka wa tisini na saba, hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Huku kwetu Mbeere, nyanda za chini za Embu, mto wetu Kamwaa si mto wa maji. Ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha maji hupita juu yake siku chache, kisha yanakwenda zake. Kiangazi unachimba mchanga kwa bakuli mpaka unazama kiunoni, ndipo upate ndoo moja ya tope. Sisi na watu wa ng'ambo tuliwahi kutoana damu kwa mashimo hayo. Ndipo Mukami alipovuka peke yake, akakaa na wanawake wa huko, akarudi tena na tena, mpaka pande zote mbili zikakubali kujenga ukuta mmoja kukata mto. Shirika fulani likatoa saruji na fundi, Riungu, mtu wa Meru. Sisi tutoe mawe na migongo yetu.

Riungu alitueleza vizuri. Ukuta ukisimama juu ya mwamba, mafuriko yataleta mchanga, mchanga utajaa nyuma yake, na maji yatakaa ndani ya ule mchanga kama nafaka ghalani. Jua haliyafikii. Yatapenya polepole ardhini mpaka visima vya kando navyo vijae. Lakini alituonya: mto ukishuka kabla ukuta haujashikana na kingo zote mbili, maji yatapita palipo wazi na kung'oa kila kitu, na saruji nyingine haipo.

Sasa sikia shida yetu. Oktoba ilifika, na mashamba tulikuwa tumekwisha kuyapanda, maana mtama na ndengu tunapanda kwenye vumbi ili mvua ikute mbegu chini. Misimu miwili ya nyuma ilikuwa imetuacha mikono mitupu. Na ukuta ulibaki kipande cha mwisho, cha kuushikanisha na ukingo wa ng'ambo, pale kwa Mzee Ngari ambaye ndiye msemaji wa watu wake. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya kilima cha Kiang'ombe.

Jumapili hiyo kanisani katekista aliuliza nani ana ombi. Mmoja baada ya mwingine waliomba mvua. Mukami akasimama. Nilimvuta leso, akautoa mkono wangu.

"Tumwombe Mungu aizuie mvua wiki moja," alisema. "Wiki moja tu, tumalize ukuta."

Kanisa zima likageuka kumtazama. Huku kwetu mtu anaweza kuomba mume wa mwenzake akasamehewa, lakini haombi mvua isije. Tangu enzi za babu zetu watu walioshukiwa kufunga mvua waliogopwa kuliko simba. Tulipotoka nilimwambia mdomo huponza kichwa. Akanijibu kwamba ameongea na Mungu, hakuongea na watu.

Basi mvua ikazuilika kweli. Wiki ikapita na jua lake, ikaja nyingine. Mawingu yalitunyemelea kila jioni, kisha yakarudi yalikotoka. Ndege na mchwa wakaanza kula mbegu zetu. Watu wa ng'ambo wakaacha kuleta mawe. Walisema hawajengi na mwanamke aliyefunga mvua. Ukiwauliza nani kawaambia, wanakwambia lisemwalo lipo. Na mawe mazuri yalikuwa upande wao. Hapo ndipo kamba ilipotukaza shingoni: wao wakigoma, ukuta hauishi, ukuta usipoisha, Mukami bado anahitaji jua, na kila siku ya jua inakuwa ushahidi juu yake. Riungu akawa anatazama mbingu kuliko anavyotazama pima maji yake.

Nyumbani Vincent alicheka. Alisema mke wake hata ugali unamshinda kuivisha, mbingu ataziwezea wapi. Nilimpenda kaka yangu siku ile.

Kisha Ngari akaja ukutani na watu wake, fimbo mkononi. Alisema Mukami amwage maji chini mbele ya pande zote mbili, atamke kwamba ameifungua mvua. Asipofanya hivyo, watang'oa mawe yao na yeye ahame nchi hii. Nilimnong'oneza akatae, akatae kabisa, kwa sababu anayefungua amekubali kwamba alifunga, na jina hilo watalibeba watoto wake. Mukami alikuwa na saruji mpaka kwenye viwiko. Aliogopa, niliona midomo yake imekauka. Aliutazama ule mwanya uliobaki, kisha akamtazama mzee.

"Nitaifungua," alisema, "lakini si leo. Nitaifungua jiwe la mwisho likishawekwa. Mkitaka mvua, leteni mawe."

Nilitamani kumziba mdomo kwa mkono wangu. Ngari aligeuka, akawauliza watu wake kama wamesikia kwa masikio yao.

Wee! Walikuja. Walikuja hata wale ambao tangu tuanze hawakuwahi kubeba kokoto, walevi wa sokoni, vikongwe, katekista mwenyewe. Hakuna aliyemsalimia Mukami. Mwanamke akipokezana naye jiwe alipangusa mikono kwenye nguo, tena mbele ya macho yake, na nilipotaka kumtukana mmoja wao Mukami alinikanya. Radi zilisikika huko juu Embu. Riungu alifoka mpaka sauti ikamkauka. Jiwe la mwisho liliwekwa alasiri, upepo ukiwa tayari unanukia udongo uliolowa. Mukami alichota maji kwa kopo, akayamwaga, akasema ameifungua. Vincent alikuwa nyuma yangu, na safari hii hakucheka.

Alfajiri mto ulishuka. Tulisimama kwenye kingo zote mbili tukitazama maji mekundu yakija na miti mizima, yakaupiga ukuta, yakapanda juu yake. Kile kipande kipya saruji yake haikuwa imekauka. Kilimeguka pembeni, roho zikatutoka, lakini kikashika. Nyuma ya ukuta mchanga ukaanza kukaa. Maji yake tunayanywa mpaka leo, sisi na ng'ambo, hata kiangazi kiwe kikali namna gani.

Lakini mvua yenyewe ilikataa kukatika. Ndiyo ile ambayo Kenya nzima iliita El Nino. Ndengu zilioza, vyoo vilibomoka, mbuzi walioza kwato, barabara ya Siakago ikakatika, watoto wakashikwa na malaria. Na watu hawa hawa, bila haya, wakaanza kusema kwamba Mama Njuki ameifungua kupita kiasi, kwa kutukomoa.

Krismasi ikikaribia, Mzee Ngari alikuja kwetu mchana, mvua ikimpiga, nailoni juu ya kofia. Mkononi alikuwa na kuku aliyefungwa miguu. Nilikuwa nimemwekea matusi ya kumtosha, lakini niliyameza aliposema kilichomleta. Mjukuu wake alikuwa hoi kwa malaria na njia ya hospitali haikupitika. Alimweka kuku mlangoni.

"Ifunge, mama," alisema. "Nilikukosea."

"Mzee, mimi sijui kufunga mvua," Mukami alimwambia. "Sijawahi kujua. Nilisema vile ili mlete mawe."

Ngari alitikisa kichwa, hakuamini. Alibaki amesimama pale pale. Ndipo Vincent aliyekuwa ndani, kando ya moto, akasema kwa upole:

"Mfungie tu, Mama Njuki."

Mukami aligeuka. "Hata wewe?"

Kaka yangu aliinuka, akaja mlangoni, akamwokota yule kuku na kumwingiza ndani asilowe.