Zamu ya Zuhura

Harufu ya nguo zinazopigwa pasi ya makaa hunirudisha mtaa wa Woodley upesi kuliko picha yoyote. Mvuke wa pamba iliyonyunyiziwa maji, moshi mwembamba wa makaa, na juu ya vyote udi ambao mama wa nyumba moja ya huko aliufukiza kila asubuhi hadi ukakaa kwenye mapazia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa likizo ya Aprili, na mvua ilikuwa imezigeuza njia za kwetu Riruta kuwa tope la kuvua watu viatu. Mama yangu alifua na kupiga pasi katika nyumba kadhaa za Woodley, na kwa kuwa hakutaka kuniacha peke yangu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga kutwa nzima, tulikwenda pamoja kwa miguu, tumefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu. Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya familia moja iliyotoka Mombasa. Baba yao alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji, na walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa umri wangu aliyeitwa Zuhura.

Zuhura hakuruhusiwa kukimbia. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni malezi ya watu wenye nyumba nzuri. Watoto wa majirani walipocheza katikati ya barabara, yeye aliketi barazani amejifunika leso miguuni, midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na mimi nilidhani ni baridi. Siku ya pili tu alinionyesha daftari jipya la kurasa mia na kuniambia kwamba tungeandika hadithi moja, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Sharti lilikuwa moja: hakuna kufuta alichoandika mwenzako. Ukikuta amemtupa mtu kisimani, ni kazi yako kumtoa.

Hadithi yetu ilihusu msichana aliyeitwa Kadogo, aliyeingia katika jengo la ghorofa kumi na tisa mjini akakuta lifti yenye kitufe cha ishirini. Zuhura alikuwa amepanda lifti mara nyingi, akienda na baba yake kwa mawakala wa mizigo. Mimi sikuwa nimeiona hata moja, kwa hiyo aliniigizia: alisimama katikati ya baraza, akafumba macho na kuniambia jinsi tumbo linavyobaki chini wakati mwili unapanda. Katika kurasa zake Kadogo alikuta bustani juu ya paa, na wanawake wanaoshona mawingu. Katika kurasa zangu alikuta mbwa, polisi, na milango isiyofunguka. Tuliandika kwa wiki mbili, huku pasi ya mama ikigonga meza ndani na mvua ikipiga mabati ya banda la nyuma. Sijawahi tena kuandika bila kujua kwamba ninaandika, kama nilivyoandika siku zile.

Kisha tukakosana, kwa jambo dogo kabisa. Nilikuwa nimesema "kitu yangu", kama nilivyomsikia kila mtu, hata mama, akisema maisha yangu yote, naye akanisahihisha, "kitu changu", halafu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini mama alikuwa akipita na karai la nguo, akasikia, na nikaona uso wake ukiinama. Siku hiyo nililibeba daftari kwenda nalo Riruta, na jioni, nimekaa juu ya ndoo mlangoni kwetu, niliandika ukurasa wangu kwa hasira. Niliandika kwamba lifti ilikwama katikati ya ghorofa mbili. Niliandika kwamba Kadogo aliita, hakuna aliyemsikia, akashika kifua, pumzi ikaanza kumwishia. Nikaishia hapo, mwisho wa mstari, makusudi.

Jumanne nilimpa daftari. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, na alipofika chini alirudia kusoma. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akauliza, "Sasa mimi nitamtoaje?"

Nikamwambia, "Shauri yako. Ni zamu yako."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia Zuhura. Alhamisi tulikuta geti limefungwa, na jirani akatueleza kwamba mtoto amepelekwa hospitali. Mama hakuitwa katika nyumba ile wiki nzima. Kisha siku moja alirudi kutoka Woodley mapema, akakaa chini, akaanza kuchambua kunde bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Bila kuniangalia alisema kwamba Zuhura ametuacha, na kwamba wamekwisha kumzika, jana alasiri. Nilimuuliza alikuwa akiumwa nini. "Kifua," mama akasema. "Alikosa pumzi."

Sikulia. Nilitoka nikaenda nyuma ya choo cha ploti, nikaiangalia mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta doa. Sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nimeandika jambo na likatokea? Ukurasa ulikuwepo, kwa mwandiko wangu, katika nyumba ile, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja mama yake Zuhura angelifungua daftari na kuusoma. Kila mtu aliyebisha hodi kwetu mwaka ule nilidhani ni yeye. Familia ilihama Woodley kabla ya mwaka kuisha, na hofu yangu haikuhama nao.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu alitupa insha. Nilianza vizuri, kama kawaida yangu, lakini nilipokaribia mwisho mkono ukawa mzito, na kwenye nafasi iliyobaki nikamsikia mtu akinisubiri niseme ni zamu ya nani. Nilirudisha karatasi bila aya ya mwisho. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Mwisho uko wapi?" na aliandika hivyo hivyo hadi nikamaliza shule. Nilikua, nikapata kazi ya kusahihisha maandiko ya watu katika ofisi moja ya mjini, ghorofa ya sita, ambayo niliipanda kwa ngazi kila asubuhi na kuwaambia wenzangu kwamba ni mazoezi. Nyumbani nilikuwa na katoni mbili za hadithi zilizoanza. Marafiki waliosoma zile kurasa za mwanzo walinisifu, wakaniuliza zinaishaje, nami nilijibu kwamba sina muda. Muda nilikuwa nao. Kila mtu niliyemuumba nilimwacha mahali alipokuwa akipumua bado, nikafunga daftari, kwa sababu nilijua kinachotokea ukimsogeza hatua moja zaidi.

Mwaka jana niliingia katika duka moja la vitambaa mjini kununua leso za harusi ya binamu yangu. Nyuma ya kaunta alikaa mama mzee, miwani imeshuka puani. Alinitazama muda mrefu kuliko mteja anavyotazamwa, kisha akauliza, "Uso huu ni wa mama yako. Wewe si Nekesa, uliyekuwa ukija na mama yako Woodley?" Alikuwa mama yake Zuhura, na miguu yangu ilitaka mlango. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za mama. Nikamweleza kwamba mama yuko kijijini Bungoma, mzima. Halafu, kwa kuwa sikuweza kusimama mbele yake na kuzungumzia leso, nikamwambia yote: kicheko, hasira, lifti, kifua, maneno ya mwisho. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Zuhura alizaliwa na tundu kwenye moyo," akasema. "Daktari alituambia kabla hajajua kutembea. Hatukutaka watoto wenzake wajue, wasije wakamwogopa." Akavua miwani. "Ukurasa wako niliusoma. Alinisomea yeye mwenyewe hospitalini. Alikuwa akicheka, anasema Nekesa amenifunga kweli, lakini nimeshapata ujanja. Nikamwambia andika basi. Akasema hapana, ngoja kwanza Nekesa apate wasiwasi."

Nilimuuliza kama alisema ujanja wenyewe ni upi. Hakusema. Daftari lenyewe lilipotea walipohama. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu, mmoja akigongagonga kaunta kwa funguo, lakini mama Zuhura hakuwa na haraka nao. "Na yule mtoto, Kadogo," akaniuliza, "alitoka?"

Nikasema sijui.

"Basi niambie sasa. Nimekaa na hilo swali miaka mingi na mimi."

Nikamwambia, kwa kigugumizi mbele ya wageni wale, kwamba lifti ilishuka yenyewe hadi chini, milango ikafunguka, kukawa mchana, watu wanapita na mizigo yao, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa amekwama. Kadogo akasikia njaa, akaenda nyumbani kwa miguu. Mama Zuhura akaivaa tena miwani. "Mwanangu angesema huo ni mwisho wa kivivu," akasema, akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka.

Jumamosi iliyofuata niliuandika mwisho ule, wa kivivu hivyo hivyo, sentensi tisa. Tangu hapo nimetoa hadithi nne katika zile katoni na kuzimaliza, mbili zikiwa hafifu, na hakuna aliyekufa kwa sababu yangu, ingawa kila ninapomaliza hukaa siku mbili tatu nikipiga simu kwa watu ninaowapenda bila sababu ninayoweza kuwaambia. Mtoto yule aliyesimama nyuma ya choo Riruta aliamini kwamba maneno yake yana nguvu mno. Mimi wa leo nasumbuliwa na jambo jingine, linalowasumbua wote wanaofanya kazi hii ya kuandika: kwamba hayana nguvu ya kutosha. Yangekuwa nayo, Zuhura angekuwa na miaka arobaini na mmoja mwaka huu, kama mimi.