Kuku wa Shosho na Mafua ya Ndege

Mwaka ule mafua ya ndege yalipokuwa habari ya kila redio, nilikuwa nikishona sare za shule kwenye kibanda changu Riruta, hatua chache kutoka Naivasha Road. Mkutano wa mtaa ulinichagua niwe mhudumu wa afya ya jamii kwa sababu moja tu: karibu kila mzazi alinijua. Mwingine aliyechaguliwa ni kinyozi jirani yangu.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi aliyetoka Parklands, nasi tulimwita Sista. Alikuwa na sauti ya chini, hata watu ishirini tukajikuta tumevuta viti mbele bila kuambiwa. Siku ya kwanza alitupaka bluu ya kufulia mikononi, akatutuma tukanawe, kisha akapita akituonyesha bluu iliyobaki chini ya kucha. Mimi niliyejiona msafi nilikuwa nayo hadi kwenye pete.

Siku ya pili tulishinda asubuhi nzima tukisoma habari za kuku: kuku anayekufa ghafla, kuku anayevimba kichwa, kuku usiyepaswa kumgusa. Saa saba akina mama wa jikoni wakaleta chakula. Sufuria ya kwanza ilikuwa kabeji. Ya pili ilikuwa kuku wa mchuzi. Foleni nzima ikaipita sufuria ile kama haipo.

“Mimi leo nimeamka tu nikitaka kabeji,” kinyozi alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Sista akajipakulia mapaja mawili, akaketi katikati yetu, akala bila haraka. Alipomaliza la kwanza akasema, “Kuku akiiva vizuri hawezi kukuambukiza. Nimesema hivyo asubuhi, na sikuona mtu akiandika.” Sufuria ikaisha kabla ya chai.

Jambo la mwisho alilotufundisha lilikuwa fupi: “Ukiulizwa kitu hujui, sema hujui. Usijaze.” Nililiandika nikalipigia mstari.

Wiki mbili baadaye nikaitwa na shosho mmoja, bibi mzee mwenye ploti ya nyumba za kupangisha nyuma ya kibanda changu. Alifuga kuku uani, na mayai yake yaliuzwa mtaa mzima. Kuku sita walikuwa wamekufa ndani ya siku mbili. Nilifanya kila kitu sawasawa. Sikugusa chochote, niliwaondoa watoto, nikamnawisha shosho mikono, nikampigia Sista simu. Kesho yake wakaja maafisa wawili wa mifugo wamevaa ovaroli nyeupe, miwani mikubwa na maski. Watu wakajaa kwenye ua.

“Ni ile ya redio?” mwanamke mmoja akaniuliza.

Nilikuwa na daftari mkononi na beji kifuani. Watu wote walikuwa wakinitazama mimi. Nikasema, “Inaweza kuwa.”

Ilitosha. Kufikia jioni kioski kilikuwa kimeondoa mayai ya shosho. Wapangaji wakawakataza watoto kucheza uani. Jumapili kanisani aliketi peke yake kwenye benchi la watu sita, nami nikaketi benchi la nyuma nikisoma kitabu cha nyimbo kama ninayetafuta kitu.

Baada ya siku kadhaa Sista akapiga simu. Vipimo vilionyesha kideri, ugonjwa wa kawaida wa kuku, wala si yale mafua ya ndege tuliyoyaogopa. Niliacha suruali kwenye cherehani, mguu mmoja tu ukiwa umeshonwa, nikakimbia kwa shosho. Alikuwa ameketi mlangoni na trei za mayai zimepangwa hadi kifuani mwake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Umeniambia mimi,” akasema. “Na hawa wengine, nani atawaambia?”

“Wakikuja kwa kibanda nitawaambia, shosho.”

“Ile siku hukungoja wakuje kwa kibanda.” Akainuka. “Jumamosi uvae viatu ya kutembea.”

Jumamosi tukaanza na ploti yake. Kwenye mlango wa kwanza nikaeleza habari za virusi na sampuli, na mama aliyetufungulia akanitazama kama anayesubiri nimalize aendelee kufua. Shosho akanikatiza. “Huyu ndiye alisema inaweza kuwa. Amekuja kusema haikuwa.”

Uso ulinichoma. Lakini yule mama akacheka, akatukaribisha ndani. Kufikia mlango wa tano nilikuwa nikisema maneno hayo mwenyewe, na nikaona kwamba watu hawakuninyima heshima kwa kukosea. Waliuliza maswali zaidi. Wakati nikijibu, shosho alikuwa tayari uani akikagua. “Hapa mnanawia wapi? Sabuni iko wapi? Nionyeshe.” Hakuna aliyemkatalia. Mimi tangu mafunzo yaishe sikuwa nimeingia nusu ya nyumba tulizoingia siku ile.

Si wote waliobadilika. Mama mmoja alitushukuru kwa adabu akafunga mlango, na mwenye kioski alikaa wiki nyingine nzima kabla ya kurudisha mayai. Lakini Jumapili lile benchi lilijaa, nami nilikuwa mmoja wa waliobanana hapo.

Nilipomsimulia Sista, alicheka. “Mlete kwa mafunzo yanayokuja,” akasema.

Shosho alikuja na mkoba wake wa harusi na kitambaa kipya kichwani, akaketi mbele kabisa. Afisa mmoja wa mifugo alipoeleza jinsi ya kutenga kuku wageni, shosho akainua mkono akamwambia banda alilochora ubaoni haliwezi kuingia kwenye ploti yoyote ya Riruta. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Sista akachukua kalamu nene kutoka kwa afisa, akampa shosho, naye akaenda ubaoni akachora banda dogo, refu, lililoegemea ukuta wa choo. Sote tukalinakili, afisa akiwemo.