Chungu Kilichoushika Mlango wa Narelle

Ulisikia.

Usijitie hukusikia. Nyumba zetu ni za mbao, na mbao haifichi kitu. Ulisikia kishindo, ukaongeza sauti ya runinga, ukamwambia mkeo, "Wale nao wameanza tena."

Haya. Leo utanisikia mimi.

Naitwa Maxine. Nauza miche na udongo wa vyungu hapa mjini Townsville. Kisa hiki ni cha dada yangu Narelle, siku alipokuja dukani kwetu kununua udongo wa kuua mti wake mwenyewe.

Mti wenyewe ni ule tunaouita mwavuli, majani yake yametanda kama mwavuli uliofunguliwa. Huku kwetu mwavuli unajiotea tu, mizizi yake inapasua mabomba, watu wanaukata huku wakiutukana. Lakini wa Narelle aliufuga ndani, chumbani kwake, akiufuta majani kwa kitambaa kama mtoto anayetoka kuoga. Chungu kilikuwa kimeshaubana. Mizizi inachungulia chini.

Nikamvutia mfuko mzuri. Magome ya msonobari, nyuzi za nazi, udongo mwepesi unaopitisha maji. Mwavuli wa ndani ukilala kwenye tope, umekwisha.

"Sio huo," akasema. "Nipe mzito."

"Mzito vipi?"

"Mzito kuliko wote mlio nao. Mfinyanzi. Mchanga wa mtoni. Na kokoto za chini."

"We dada, uko sawa kweli? Mti utaoza huo! Majani yakianza kuwa ya njano usije kunililia hapa."

"Maxi, niuzie udongo. Hotuba peleka bungeni."

Nikacheka peke yangu.

Jumamosi nikaenda kumsaidia kuuhamisha. Mumewe, Dallas, alikuwa kazini bandarini. Tukavaa barakoa, tukalowesha udongo kwanza, maana vumbi la mifuko hii lina kijidudu kinachokula mapafu na onyo limeandikwa hapo hapo kwenye mfuko. Tukagonga chungu cha zamani ubavuni mpaka mti ukateleza nje. Nikaifungua mizizi kwa vidole, taratibu. Kokoto zikatangulia, kisha mfinyanzi na mchanga. Roho iliniuma kuukandamiza ule uchafu kwenye mti mzuri vile.

Chungu kikubwa kilikaa juu ya kibao chenye magurudumu na breki. Narelle akakisukuma hadi nyuma ya mlango wa chumba. Akakanyaga breki zote.

"Toka nje. Halafu ingia."

Nikatoka kwenye korido, nikasukuma. Nikaweka bega. Nikarudi nyuma nikauvamia mlango kwa mwili mzima.

Wapi!

Hapo ndipo nilipouona ule mlango vizuri. Mbao imechanika kwenye bawaba. Pale penye kitasa pamebaki tundu tu.

"Kitasa alikitoa kwa bisibisi," Narelle akasema kutoka ndani. "Kabati nililokuwa naliweka hapa akaliuza. Mti hajaushtukia. Anajua ni mambo yangu ya kike."

Kudadeki. Nilikaa chini pale pale koridoni.

"Hama leo. Twende kwangu."

"Kwako alishakuja, umesahau? Alikuvunjia vioo vya gari, akakuburuta kwa nywele mpaka barabarani. Nyumba ya hifadhi ya wanawake imejaa, lakini wamenihakikishia, Jumatatu, si hii ya kesho kutwa, ile inayofuata, kuna mama anatoka. Nataka mlango ushike mpaka Jumatatu hiyo, Maxi. Basi."

Niliwapigia polisi hata hivyo, jioni Dallas aliporudi. Wakaja wawili. Wakaegemea pikapu ya Dallas, wakaongea naye raga na bei ya mashua, wakacheka, wakaondoka. Mmoja akaniambia, "Dada, mambo ya mke na mume hayo, yaacheni yapoe."

Wiki ile Dallas alijaribu. Alirusha mateke, akapiga kwa kiti mpaka kiti kikabaki miguu miwili. Chungu hakikusogea hata unywele. Jirani wa kushoto akawasha mashine ya kukatia nyasi. Kiangazi hiki, nyasi zenyewe hakuna! Alikuwa anakata vumbi ili asisikie.

Halafu Jumapili, siku moja kabla ya ile Jumatatu, akaja Gwenda.

Gwenda ni mama yake Dallas. Mnamjua. Ni yule bibi wa chama cha wapenda bustani, mwenye madole gumba yanayootesha hata ufagio. Narelle alikuwa zamu kwenye duka la mikate. Gwenda akaukuta mwavuli majani yamepauka, mawili yameanguka. Akaung'oa, akamwaga kila kilichokuwa chunguni pamoja na kokoto. Udongo mpya, mwepesi, safi kabisa. Chungu kile kile, kibao kile kile. Akaacha na keki mezani.

Narelle aliporudi aliona majani yanameremeta, akajua mama mkwe kayafuta. Hakuwaza zaidi. Udongo juu ulikuwa umefunikwa magome, na magurudumu hayasemi uzito.

Alasiri timu ya Dallas ikafungwa. Saa hizo jua bado linachoma mabati, watu wako kwenye veranda zao na bia.

Simu yangu ikalia.

"Anakuja," Narelle akasema. "Nimeshafunga breki. Usikate, kaa na mimi."

Nikasikia teke la kwanza.

Kisha nikasikia kitu kinakwaruza sakafu.

"Maxi." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Kinasogea. Chungu kimekuwa chepesi. Maxi, kwa nini kimekuwa che—"

Mlango ukafunguka.

Sitawapambia. Nilisikia akimpiga, nikasikia akimpiga tena, huku akimuuliza kwa upole, kwa upole kabisa, "Ulikuwa unamfungia nani? Eti mke wangu, ulikuwa unamfungia nani?" Nilisikia mfupa. Mfupa wa taya una mlio wake, na mimi naujua sasa.

Niliendesha kama kichaa. Nyuma ya gari nilikuwa na koleo la kazini.

Nilimkuta Dallas amepiga magoti juu ya Narelle, mikono kooni. Udongo umetapakaa, mti umelala, damu imechanganyika na magome. Nilimpiga na koleo mgongoni. Akageuka. Nikampiga la mkono, akapiga yowe. Akainuka, nikampiga la goti. Akaanguka, na mimi nikainua tena, na Mungu anajua nilikuwa nalenga wapi.

Hapo ndipo majirani walipotoka.

Sasa ndipo mliposikia, sivyo? Mkaja mbio, wanaume watatu, mkanikamata mimi. Mkawapigia polisi, wakafika kabla sijamaliza kuhema. Pingu nikavishwa mimi.

Waliponiachia nilikwenda hospitali. Narelle alikuwa amefungwa taya kwa waya, jicho moja halioni tena. Gwenda alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani.

"Mama," nikamwambia, "ulibadilisha udongo."

"Mti ulikuwa unaoza. We si muuza miche? Unajua."

"Hukuona mlango ulivyo?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Niliuona. Dallas alinipigia simu, eti anagonga mlango wa chumba chake mwenyewe kama mgeni. Akasema kuna kitu nyuma. Nilipoingia nikakijua mara moja, mwanangu. Hata mimi niliwahi kuweka cherehani nyuma ya mlango." Akafungua mkoba, akatoa leso, akaikunja. "Baba yake Dallas aliitupa nje dirishani. Nikajifunza kutulia. Na yeye angejifunza."

Alijua. Alikijua kile chungu kwa sababu aliwahi kuwa nyuma ya mlango kama ule, na bado akakipunguza uzito, kiganja kwa kiganja, kwa udongo bora kabisa.

Dallas yuko nje kwa dhamana. Anakula chakula cha mama yake. Wakili wake anasema dada yangu alianguka juu ya chungu, na kwamba mtaa mzima hakuna aliyesikia kitu.

Mkono usio na damu ndio unaomfungulia mpigaji mlango. Wa Gwenda. Na wako.

Wewe uliyekata vumbi kwa mashine, najua unasoma. Wewe uliyeongeza sauti, na wewe uliyenishika mikono. Kituo cha polisi kiko wazi sasa hivi. Nenda ukaandikishe ulichosikia, kwa jina lako.

Na wewe wa mtaa mwingine, uliyesikia kishindo ukutani ukiwa katikati ya kusoma hapa: weka simu chini. Inuka. Nenda ukagonge.