Ubao wa Bi Faith

Shemeji yangu, Alfani bin Hamadi, ni fundi wa mashua hapa Gazi. Tangu marehemu mume wangu atutoke, karakana imo mikononi mwake. Naandika kisa cha ubao wa Bi Faith kwa sababu barazani kinasimuliwa vinginevyo.

Bi Faith ni mtu wa bara anayefunza watoto kuendesha mashua za tanga kule Diani. Mashua yake ni ndogo, huivuta kwa trela nyuma ya gari. Katikati ina kisanduku chembamba kinachopitisha ubao wa kushushwa majini, ili upepo usiisukume mashua kando. Akikaribia ufuo huvuta kamba, ubao ukapanda. Ubao huo ulikuwa umeoza, akamwomba Alfani amchongee mwingine.

Alfani alichonga wa mvule. Katika ukoo huu mbao za jahazi hubanwa hata ukucha usipite; zikinywa maji huvimba, na chombo hakivuji. Ubao ule aliupiga randa kwa kipimo hichohicho. Karakanani ulishuka na kupanda ukisukumwa kidogo, tukausifu.

Siku ya tatu baharini ulikwama ukiwa chini. Maji yalikuwa yakipwa. Ubao uligonga mwamba, kisanduku kikapasuka, na watoto wanne wakarudi ufuoni kwa miguu, maji yakiwafika magotini. Hakuna aliyeumia.

Bi Faith alipoirudisha mashua alijilaumu mwenyewe. Alisema aliikokota mchangani, bila shaka changarawe ziliingia kisandukuni. Zikisafishwa, ubao utafaa. Nilikuwa nimeketi pale. Nilimtazama Alfani, naye alijua kwamba namtaka anyamaze. Udhuru tulikuwa tumepewa na mwenye mali.

"Si changarawe, dada," Alfani alisema. "Ni mimi. Nimeubana kama ubao wa jahazi, umevimba."

Bi Faith aliinamia kisanduku kilichopasuka. "Kwa hivyo, fundi, nilikuagiza mlango, ukanijengea ukuta."

"Ukuta, na watoto wa watu ndani yake."

Alfani aliutoa ubao kwa kuugonga na nyundo ya mti, akaziba ufa wa kisanduku, kisha akaupunguza ubao unene hadi sarafu ikapita kila upande. Aliupaka vanishi mara tatu, hata ndani ya tundu la pini inayoushikilia kisandukuni, maana maji huanza kupenya hapo. Akauloweka baharini siku nne, akaupima tena.

Habari zilienea. Sanga wa Msambweni, mteja wetu, alihamishia mashua yake kwa fundi mwingine. Nilimwambia Alfani kwamba hayo yangeweza kuepukwa.

"Shemeji," alinijibu, "Bi Faith angezoa changarawe, akawarudisha watoto majini na ubao uleule."

Kila kazi ya karakana yetu huchomwa herufi H, ya marehemu baba mkwe wangu, Hamadi. Nilimshauri safari hii aiache. Aliichoma pande zote mbili za ubao.