Mashati Yasiyofuliwa

Juzi nilimkuta fundi cherehani mmoja wa Kizwite akiloweka vitambaa vya blanketi la viraka kabla ya kuvikata. Alisema asipovifua kwanza, blanketi litajikunja na kuchuja rangi. Harufu ya ile sabuni ya mche ilinirudisha kwa mama.

Nilikuwa mtoto. Mama alikuwa amekaa mlangoni na mkasi, akikata viraka vya blanketi kutoka mashati ya mitumba ya baba, ambaye tulikuwa tumemzika siku chache tu nyuma. Yalinuka tumbaku, jasho na dizeli ya lori. Shangazi, dada yake baba, alisimama mbele yake na beseni la maji ya sabuni.

"Wifi, nguo za marehemu hufuliwa kwanza. Na ukizishona hivyo hivyo, zitakuja kujikunja."

"Acha zijikunje."

Nilidhani mama anaogopa maji, maana baridi yetu hukata vidole. Nikasema nitafua mimi. Akayavuta mashati yote kifuani, akanitazama kama anayemwona mwizi.

Tulijifunika blanketi lile msimu mzima wa baridi, nami nikilalamika kwamba linanuka. Mama alilivuta tu mpaka puani.

Siku moja tulirudi kutoka shamba tukalikuta kambani, linachuruzika maji. Shangazi alikuwa ametuhurumia, akalifua. Halikujikunja wala kuchuja. Mitumba ilishafuliwa mno huko ilikotoka. Mama alilinusa kona zote, polepole, kisha akamwekea shangazi mikononi.

"Chukua, wifi. Sasa ni blanketi tu."